Honi Juu ya Tuta

Mkutano wa klabu ulifanyika Alhamisi jioni baada ya mazoezi, na Coralie Penfold hakuuhudhuria. Alikuwa jikoni akisugua masufuria. Lakini jiko la klabu ya mpira ya Dunmore Bend limetengwa na ukumbi kwa kidirisha tu, kile cha kuuzia pai, na mtu aliyesimama kwenye karo husikia kila kitu, atake asitake. Ndivyo alivyomsikia Gavin Stroud akiapa kwamba hakubali kukaribishwa mahali alipozaliwa.

"Babu yangu kazaliwa hapa," alisema Gavin. "Baba kazaliwa hapa. Mimi mwenyewe nimezaliwa hospitali ile pale, ukipanda juu ya mlingoti wa goli unaiona. Sasa huyo wa kunikaribisha ananikaribisha wapi? Kwangu?"

Watu walicheka, na si wote waliocheka kwa mzaha.

Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa raundi ya kuwaenzi wenyeji wa asili wa nchi. Timu zote za wilaya huvaa jezi zilizochorwa na mikono ya watu weusi, ndio wenyeji hao, na kabla ya mchezo mwenye ardhi husimama mbele ya watu, akawakaribisha kwenye nchi ya wazee wake. Klabu za mijini zimefanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Dunmore Bend walivaa jezi tu, wakaishia hapo. Mwaka huu mwenyekiti wao mpya, Bronwen Tait, mwenye duka la dawa, alitaka lifanyike lote.

Gavin hakuwa mtu mbaya, na Coralie alilijua hilo kuliko wengi. Ndiye aliyembebea mitungi ya gesi kila Jumamosi kabla ya kwenda kusimama getini kukusanya viingilio, na hakuwahi kuombwa. Ila alikuwa amechoka, na alisema hivyo. Alisema ukipiga simu benki, kabla hujaulizwa shida yako unaambiwa ardhi ni ya nani. Ndege ikitua unaambiwa. Barua ya halmashauri kuhusu mapipa ya taka nayo inakuambia. Mtoto wake amekariri maneno hayo shuleni kama anavyokariri jedwali la kuzidisha, na ukimuuliza maana yake anakutolea macho.

Coralie, mikono yake ikiwa ndani ya povu, alijikuta anatikisa kichwa kukubali. Yale ya ndege hata yeye yalimchosha. Mhudumu huyasoma kwa pumzi moja pamoja na habari za mikanda na mizigo, na mtu mweusi aliyekaa kiti cha dirishani asijue ashukuru au alale.

Bronwen alijibu kwamba kama maneno yamekuwa makavu kwa kusomwa na wasiohusika, basi dawa ni kumpata anayehusika ayaseme. Mzee Clarrie Voss, anayebadilisha namba za ubao wa magoli, alisema kwake yote sawa mradi wasicheleweshe mchezo, maana baridi inamuingia magotini. Wakabishana, wakatoleana maneno, wakapoa, wakapiga kura. Bronwen akashinda kwa kura moja. Gavin akasema haya, amekubali, lakini kama jambo lenyewe litageuka kichekesho atalirudisha mezani na safari hiyo litazikwa moja kwa moja.

Hapo Bronwen aligeuka akatazama kidirishani, uso umemjaa furaha.

"Na bahati yetu ni kwamba hatuna haja ya kwenda mbali," alisema. "Tunaye Shangazi Coralie hapa hapa."

Shangazi lilikuwa jina la heshima tu, na ukumbi mzima ukageuka. Mjukuu wake, Keely, alikuwa amesimama ukutani na wachezaji wenzake wa timu ya wanawake, amevaa jezi aliyoichora yeye mwenyewe, korongo mweupe na maji yamejikunja miguuni pake, na macho yalimng'aa kama mtoto aliyeona keki. Coralie alifungua mdomo. Alisema, "Jamani, mimi..." na makofi yakammeza. Alibaki na sufuria mkononi, linachuruzika maji juu ya viatu vyake. Kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ndiyo.

Kesho yake bango lilikuwa limeshabandikwa dirishani mwa duka la mkate, lenye jina lake.

Kosa lile lisingefanywa na mtu mweusi yeyote, hata mlevi. Coralie hakuwa wa pale. Alizaliwa pwani, mbali, mwendo wa siku mbili kwa gari, kwa watu wa maji ya chumvi, na akaletwa Dunmore Bend na ndoa. Kila nchi ina wenyewe, na mgeni hata akae mpaka mvi zimtoke hageuki mwenyeji. Mtu aliyealikwa chakula hawezi kusimama mlangoni mwa nyumba ya watu akawaambia wapita njia piteni ndani, jisikieni nyumbani. Akina Bronwen waliona ngozi yake, wakaona miaka yake, wakaona anavyopendwa, wakamaliza hesabu.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hili hakuwahi kumwambia mtu. Hata ugeni wake haukuwa umetimia.

Kwa watu wa mumewe, wenyeji wa Dunmore Bend, bibi harusi wa kutoka nchi nyingine hupelekwa mtoni kwanza. Mwanamke wa ukoo humshika mkono, akamtambulisha kwa maji na kwa wazee waliotangulia, ndipo anaingia nyumbani. Coralie na mumewe walifika kwa mvua, matope hadi kwenye vioo vya gari, naye mumewe akasema ah, mto hauhami, tutaenda kesho. Wakaingia ndani wakalala. Kesho hiyo mama mkwe aliamka mgonjwa, na kabla ya mwezi kwisha wakamzika. Wifi yake, Dot, dada mkubwa wa mumewe, hakusema neno la lawama. Hakusema neno lolote. Miaka thelathini na kitu waliishi mji mmoja, wakasalimiana kwa kichwa dukani, wakasimama pande mbili za kaburi alipokufa yule aliyewaunganisha, na ule mkono wa kumpeleka mtoni haukuwahi kunyooshwa.

Kwa hiyo Coralie hakuwahi kutia hata kidole cha mguu katika mto ule. Watoto wake waliogelea, wajukuu wakaogelea, yeye akakaa juu kwenye nyasi na taulo mapajani. Watu wa mji waliamini anaogopa maji. Mtoto wa pwani, kaanza kuogelea kabla ya kutembea.

Ijumaa asubuhi alimwambia Keely ile sehemu ya kwanza, kwamba yeye si wa hapa na hawezi kukaribisha. Keely aliweka kijiko chini.

"Hilo najua, Bibi. Ila sikuwahi kulifikiria." Alisukuma bakuli pembeni. "Basi nitasema mimi. Damu ya Babu ninayo."

"Damu unayo. Lakini bibi yako Dot yu hai, na kila Jumamosi yuko juu ya tuta anakuona. Utamsemea mtu anayekutazama?"

Keely alijikuna shingo. Alisema basi afadhali wafute kila kitu, halafu akajijibu mwenyewe kwamba wakifuta, Gavin atasimama aseme mnaona, hata wenyewe hawaelewani, na mwakani hakuna tena. Na jezi zake zitabaki kuwa nguo tu.

Coralie alivaa koti akaenda duka la dawa. Bronwen alimsikiliza hadi mwisho, wekundu ukimpanda kutoka shingoni hadi kwenye masikio. Aliomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akauliza kama labda Coralie angesoma yale maneno mengine, ya kuwatambua wenye ardhi, ambayo yeyote anaruhusiwa kuyasema. Coralie alimwambia hayo hata Bronwen mwenyewe anaweza kuyasema, na Gavin atayaweka kapu moja na yale ya benki.

"Basi mwenyewe ni nani?" aliuliza Bronwen.

"Dot."

"Dot wa honi?"

Mji mzima ulimjua Dot wa honi. Uwanjani Dunmore Bend watu huegesha magari kuzunguka uwanja, pua zikitazama mpira, na timu yao ikifunga kila mtu hupiga honi. Dot hakuegesha ndani. Gari lake dogo la kijani lilisimama nje ya uzio, juu ya tuta la kuzuia mafuriko, mahali ambapo upande mmoja unaona uwanja na upande wa pili mto. Kila goli, baada ya honi zote kunyamaza, ilisikika ya kwake peke yake kutoka kule juu, ndefu, nyembamba, kama inayokumbusha kitu. Watu walisema bibi yule bahili, anakwepa kiingilio. Walisema kwa upendo, lakini walisema.

Bronwen alitaka kwenda kumwomba yeye mwenyewe. Coralie akamwambia angoje. Safari hiyo ni yake.

Dot alikuwa uani, ndani ya banda la ndege wake, shomoro wadogo wa rangi rangi waliomtua mabegani kama vifungo vya nguo. Hakutoka. Coralie alisimama nje ya wavu, na ilimbidi aseme na mgongo. Alieleza habari za mkutano, za kura, za bango. Dot alisikiliza huku akibadilisha maji, kisha akauliza swali moja tu.

"Klabu imekutuma?"

"Bronwen ameomba, ndiyo."

"Basi mwambie Bronwen nimesikia."

Na hapo pakawa mwisho. Coralie alirudi kwake ameshika usukani kwa mikono miwili, akijilaani njia nzima. Alikuwa ametua mlangoni pa wifi yake kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na akasema ya klabu yote, na ya kwake hakusema hata moja.

Jumamosi ukungu ulikawia kuondoka. Coralie alikuwa anapanga pai kwenye oveni wakati Gavin alipoingia na mtungi begani, akautua, akaufunga, akajaribu moto. Kisha akasimama anafuta mikono kwenye suruali, ishara kwamba ana neno.

"Nimesikia hata wewe si wa hapa."

"Umesikia vizuri."

"Kwa hiyo mimi na wewe wote wakuja." Alikuwa anachekelea sasa. "Tena wewe umenikuta. Ningestahili kukukaribisha mimi."

"Ungenikaribisha ungefanya vizuri. Sikukaribishwa na mtu."

Alilisema kwa mzaha, lakini halikutoka hivyo, na Gavin akaacha kucheka. Ili kujinusuru aliuliza sasa nani atasema, au wamshike yule bahili wa juu ya tuta. Coralie alifunga mlango wa oveni taratibu.

"Gavin. Unajua kwa nini Dot haingii?"

"Kiingilio."

"Baba yake alikuwa hakosi mechi. Miaka ile mtu mweusi akifika getini anarudishwa. Akapanda juu ya tuta na binti yake, wakatazama kutoka pale, kila Jumamosi, mpaka mzee akafa. Dot hajawahi kuitwa ndani. Geti likaja kufunguliwa kwa wote, lakini hakuna aliyekwenda kumwambia."

Gavin alikuwa na swali mdomoni, nani huyo aliyekuwa akimrudisha, na Coralie aliona hasa mahali lilipokwama. Geti la Dunmore Bend halikuwahi kushikwa na mtu asiye Stroud. Lilishikwa na babu, likashikwa na baba, na sasa yeye. Lilikuwa fahari ya nyumba yao. Alitazama viatu vyake. Akasema pai zinanukia vizuri, akatoka.

Kufika saa ya mchezo magari yalikuwa yamejaa pande zote na ukungu umebaki vipande vipande juu ya mto. Timu mbili za wanawake, ya nyumbani na ya Sorrel Plains, zilipanga mistari katikati, korongo wa Keely wakiwa vifuani mwa wasichana wa nyumbani. Bronwen alishika kipaza sauti, akasalimia, akasema maneno machache ya kusalimia, kisha akaanza kusema maneno machache mengine, maana hakujua kinachofuata. Jicho lake lilikuwa kidirishani.

Coralie alitazama juu ya tuta. Gari la kijani lilikuwepo. Lilikuwa pale pale linapokuwa siku zote, nje ya waya.

Kuna watu wote wale wanamngoja, kuna mjukuu wake katikati ya uwanja anapiga miguu chini kwa baridi, kuna Gavin getini. Angeweza kuchukua kile kipaza sauti na kusema lolote, na kasoro watu wanne au watano, hakuna ambaye angejua tofauti. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, urahisi wake.

Alifungua mlango wa jiko akatoka na aproni yake. Hakwenda kwenye kipaza sauti. Alipita nyuma ya magari, akapita getini bila kumtazama Gavin, akaanza kupanda tuta, mkono mmoja umeshika nyasi ili asiteleze. Nyuma yake sauti ya Bronwen ilipungua ikazimika. Uwanja mzima ulikuwa unautazama mgongo wake.

Dot aliteremsha kioo nusu. Alikuwa anamung'unya peremende.

"Klabu imekutuma tena?"

"Safari hii sikutumwa." Coralie alihema. "Wifi, nimekaa kwenu miaka yote hii na sijakuomba. Nilikuwa nangoja uniite. Naona nitakufa nangoja. Kwa hiyo nakuomba mimi. Nipeleke mtoni."

Dot aliacha kumung'unya. Alitazama mbele, kupitia kioo cha mbele, kwa muda ambao Coralie aliuona mrefu kuliko ndoa yake.

"Nami nilikuwa nangoja uombe," alisema hatimaye. "Mama aliniambia, huyo msichana akiomba, umpeleke. Mama alisema akiomba. Wewe ukawa unaniinamishia kichwa dukani kama karani wa posta." Alifungua mlango wa gari. "Nishike mkono, hili goti limekufa. Na hayo mapai yako yakiungua, usinitaje."

Walishuka upande wa pili wa tuta, ambako uwanjani hawakuweza kuonekana tena, vikongwe wawili wameshikana kama walevi. Mikaratusi ilikuwa inadondosha maji ya ukungu. Mto ulikuwa mpana na wa rangi ya chai ya maziwa, hauna haraka. Dot aliinama kwa tabu, akachota mchanga wenye majimaji, akaufumba ndani ya kiganja cha Coralie.

"Ushike mpaka upate joto lako. Mto unataka kujua harufu yako."

Akashika mchanga. Dot aliinua sauti, si kwa Coralie, bali kwa ng'ambo ya maji, kwa lugha ambayo Coralie aliielewa vipande tu. Alisikia maji. Alisikia mwanamke. Kisha alisikia jina la mumewe, ambalo kwa mila ya kutowataja wafu hakuna aliyelitamka mbele yake tangu siku ya kuzika, limesemwa kwa nguvu, wazi, kama mtu anayeitwa aje kula. Dot akamgusa kiwiko. Coralie akarusha mchanga, na maji yakaupokea kwa mlio mdogo.

"Haya. Ingia."

"Na viatu?"

"Umechelewa miaka thelathini, unataka kuanza kufungua kamba?"

Aliingia na viatu. Baridi ilimpanda hadi kwenye meno, naye akajikuta anacheka, kisha analia, kisha yote mawili hayana mpaka, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Dot alimtazama kwa uso mkavu. Alipoona inatosha akamnyooshea mkono, ule ule, akamvuta ukingoni.

Kule uwanjani watu walishaanza kupiga makisio. Clarrie Voss, waliambiwa baadaye, alikuwa ameweka dau la biskuti kwamba mmoja wao atarudi amebebwa. Waliona gari la kijani likiwaka taa, likageuka pale juu, likateremka taratibu kwa njia ya nyuma na kutokea mbele ya geti kubwa la magari. Coralie alikuwa amekaa kiti cha mbele, miguu inachuruzika.

Gavin alitoka kwenye kibanda chake. Alivua kofia. Alionekana kama mtu aliyejiandalia hotuba na kuipoteza njiani.

"Shangazi Dot," alisema. "Karibu. Karibu sana nda..."

"Usinikaribishe, Gavin. Fungua tu."

Akafungua. Hakuomba kiingilio. Alilivuta geti hadi mwisho wake, mpaka likagonga nguzo, akalishikilia pale kwa mgongo ingawa lina ndoano, na gari lilipompita Coralie aliona anatazama mahali matairi yanapopita, uso umemuiva.

Dot alikataa kushuka hadi katikati. Alisema goti. Wakamletea kipaza sauti kwenye mstari wa uwanja, akakishika mbali kama kitu kinachoweza kuuma. Aliwasalimu kwa lugha ya mto, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesalimu majirani kupitia dirishani.

"Mimi naitwa Dorothea. Baba yangu aliutazama mpira huu kutoka pale juu," alisema, akaonyesha kwa kidevu. "Leo nautazama kutoka hapa, kwa hiyo naye yuko hapa. Huyu aliyelowa ni mke wa ndugu yangu. Mnadhani mnamjua. Amewapikia watoto wenu lakini kwetu hakuwa ameingia, na nusu ya kosa ni langu. Leo ameingia. Mto umemjua." Alipumua. "Na nyinyi wengine nawakaribisha vilevile. Mliozaliwa hospitali ile na mliokuja na basi la Sorrel Plains, wote. Karibuni. Msitupe taka kwenye maji. Msiendeshe mbio kwenye tuta, mnanitisha ndege. Na anayekunywa aache ufunguo baa. Basi. Rusheni sarafu, wasichana wanaganda."

Akarudisha kipaza sauti. Watu walikuwa wametarajia maneno marefu, lakini makofi yakaanza upande wa wachezaji, yakazunguka uwanja, na mtu mmoja akapiga honi, na mwingine. Bronwen Tait alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, analia bila aibu, ameshika mkono wa Clarrie aliyekuwa akimuuliza nani sasa anamdai nani biskuti.

Pai za trei ya chini ziliungua. Coralie alizitoa, akazitazama, akazitupa, na hakujali. Alivua viatu na soksi akaviweka mbele ya oveni, akawa anahudumia kidirishani miguu mitupu juu ya gunia. Gavin alikuja kabla ya robo ya kwanza kati ya nne za mchezo kwisha. Alitaka pai mbili, moja yenye sosi nyingi.

"Ya nani yenye sosi?"

"Ya Shangazi Dot. Nimemuuliza."

Coralie alifunga pai kwenye mfuko, akasubiri. Gavin hakuondoka. Aliegemea kidirisha, akatazama uwanjani.

"Nimekaribishwa kwetu," alisema. "Nikaambiwa nisitupe taka."

"Na umesikia?"

"Nimesikia." Akajikuna shavu. "Babu alinifundisha kulifunga lile geti nikiwa na miaka sita. Kamba, ndoano, kila kitu. Hakuniambia analifungia nani." Coralie hakumsaidia, na yeye hakuonekana kutaka kusaidiwa. Akachukua mfuko wake. "Yale wanayotusomea ndani ya ndege bado naona ni upuuzi."

"Hata mimi."

Alicheka kwa pua, akaenda zake na pai za watu wawili.

Muda mfupi baadaye Keely alipata mpira pembeni, akamkwepa mtu, akamkwepa mwingine, akaupiga katikati ya milingoti miwili mirefu. Honi zikalipuka uwanja mzima. Coralie alisimama kitambaa mkononi, akangoja kama anavyongoja siku zote, mpaka zote zilipokoma. Ikaja ile moja, ndefu, nyembamba. Kwa mara ya kwanza haikutoka juu ya tuta. Ilitoka karibu, mita chache tu kutoka kidirishani, ikatetemesha vikombe vya chai kwenye rafu na kumfanya Clarrie Voss aangushe namba ya ubao wake kwenye matope.

"Wifi," Coralie aliita kupitia kidirishani, "umetuua masikio."

Dot alimnyooshea pai, mdomo umejaa, kwa maana ya kwamba anayo kazi, kisha akapiga honi tena.